Babu wa Kigoma, bibi wa Handeni: maisha yao tuyaandikeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yetu mzaa mama alikuwa Muha wa Kasulu, akaja Korogwe ujanani kukata mkonge. Bibi alikuwa Mzigua wa Handeni, na mdogo wake bado yuko huko. Babu alikuwa Mkatoliki, akasilimu alipomwoa bibi kwa ndoa ya Kiislamu. Tunasimuliwa kwamba "alishuka stesheni ya Korogwe akitokea kwao Kigoma". Walizaa watoto 11, wa mwisho 1981. Babu alifariki 2019, bibi akamfuata mwaka jana. Desemba ukoo mzima utakutana na nimepewa kazi ya kuandika kijitabu cha maisha yao, kila nyumba ipate nakala. Nimekwama. Mama mkubwa, ambaye ndiye kifungua mimba, anasema wazee walioana 1956. Mjomba anasema 1959. Hesabu ya watoto nayo haitulii: wasifu uliosomwa msibani ulisema 11, lakini bibi mwenyewe alizoea kusema 13. Halafu kuna mke wa kwanza wa Kigoma ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja. Nianzie wapi, na nimwandike au nisimwandike?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na bibi.

Kwanza uweke kando ule wasifu wa msibani. Najua ndio pekee ulioandikwa na kila mtu atakuambia uuanzie huo, uurefushe kidogo, utie picha, basi. Wasifu wa marehemu una njia yake: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, watoto, kuugua, mauti. Umetengenezwa usomwe kwa dakika tano, watu wamesimama juani na kaburi liko wazi. Ukiurefusha utapata kurasa thelathini za babu na kazi zake, na bibi atajitokeza mara mbili tu: siku anaolewa na siku anazikwa. Nimesoma vijitabu vingi vya namna hiyo. Wajukuu huviweka kabatini wakiwa wameangalia picha peke yake.

Uti wa mgongo wa kitabu chako ni uzazi wa bibi. Watoto 11 au 13, kuanzia miaka ya 1950 hadi 1981, ni kalenda ya robo karne ambayo hakuna karatasi itakayoishinda. Chukua daftari kubwa, kila mtoto mpe ukurasa wake. Andika alizaliwa nyumba ipi, kambi ipi au kijiji kipi. Nani alimzalisha, mkunga wa mtaani au zahanati ya shamba. Babu alikuwa wapi siku hiyo. Jina alipewa na nani na la nani. Na nani alikuwa bado ananyonya bibi aliposhika mimba nyingine. Hayo mtu huyakumbuka hata kama mwaka umempotea. Ukimaliza kurasa hizo utaona familia ikihama, ikipata, ikikosa, bila wewe kutunga kitu.

Miaka sasa. Usimwulize mzee "ilikuwa mwaka gani". Atakupa mwaka alioandika kwenye kitambulisho, na wewe unajua wazee wetu wangapi wamezaliwa tarehe 1 Julai. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo gani. Kwa ukoo wenu mambo hayo ni mengi: usiku wa Uhuru, 9 Desemba 1961, na zile mvua kubwa zilizoungana nao, Azimio la Arusha, Februari 1967, na mashamba mengi ya mkonge kutaifishwa mwaka huohuo, watu kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, vita ya Kagera iliyoanza Oktoba 1978, msako wa wahujumu uchumi wa 1983, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984. Swali zuri kwa mama mkubwa ni hili: usiku wa Uhuru, bibi alikuwa amembeba nani mgongoni? Akisema mtoto wa tatu, na ukihesabu kwamba mama anayenyonyesha wakati ule aliachanisha watoto miaka miwili au zaidi kidogo, basi kifungua mimba hawezi kuwa wa 1960, na ndoa ya 1959 inakuwa na shida. Akisema ni yeye mwenyewe alibebwa, mjomba ana hoja.

Kuna njia ya pili ya kupima tarehe ya ndoa, na kwa kuwa walifunga ndoa ya Kiislamu, inakufaa. Umesema mdogo wake bibi bado yuko Handeni. Huyo ndiye wa kumwendea kabla ya mtu mwingine yeyote. Muulize harusi ilikuwa mfunguo wa ngapi, yaani mwezi wa ngapi baada ya Ramadhani, au ilikuwa karibu na Idi gani, kisha muulize shambani kulikuwa na nini. Mwezi wa Kiislamu unarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kawaida, lakini mahindi ya masika hayarudi nyuma. Idi Kubwa ya 1956 iliangukia katikati ya Julai, karibu tarehe 18 au 19. Ya 1959 ilikuwa katikati ya Juni. Kwa hiyo mdogo wake bibi akisema harusi ilikuwa siku chache baada ya Idi Kubwa na wageni walikula mahindi mabichi, unaelemea 1959. Akisema mahindi yalikuwa yameshavunwa au yameanikwa, unaelemea 1956. Si ushahidi wa mahakamani, maana mwaka wa ukame huvuruga kila kitu, ila ukikubaliana na hesabu ya mtoto wa mgongoni, andika mwaka huo bila wasiwasi. Visipokubaliana, andika "kati ya 1956 na 1959", na useme nani alisema nini. Hakuna aliyekufa kwa neno "kati ya".

Halafu umenitajia, kama kwa kupita tu, kwamba babu "alishuka stesheni ya Korogwe akitokea kwao Kigoma". Hapo nisikilize vizuri. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, na reli ya Tanga ni ya zamani zaidi, lakini hazikuwa zimeunganishwa. Kipande cha kutoka Ruvu kwenda kukutana na reli ya Tanga, upande wa Korogwe, kilikamilika 1963. Kama babu alikuja miaka ya 1950 hakuweza kutoka Kigoma hadi Korogwe kwa reli mwanzo mpaka mwisho. Alipanda treni hadi mahali fulani, kisha akapakiwa kwenye lori au akafuata njia nyingine. Vijana wengi wa Kigoma, Njombe na Songea walioletwa mkonge walipitia SILABU, chombo cha waajiri wa mkonge kilichoanza 1944 kwa kazi hiyo ya kukusanya vibarua mikoa ya mbali na kuwasafirisha. Sisemi babu aliwadanganya. Nadhani hadithi ya stesheni ni ya safari nyingine, pengine alipokwenda kusalimia kwao baada ya Uhuru na kurudi, na watoto waliompokea wakaifanya ndiyo safari ya kwanza. Kama ni hivyo umepata kitu kikubwa: kuna mara moja babu alirudi Kigoma, baada ya 1963, akiwa na mke na watoto Korogwe. Ilikuwa mwaka gani? Alikwenda peke yake? Alikaa muda gani? Bibi alibaki na nani? Sura nzima iko hapo, na inagusa lile mnalolinyamazia.

Kabla sijafika huko, nizungumze na wewe kuhusu bibi. Kila mtu atakusimulia mkonge: miiba, nyapara, kadi ya siku 30 ambayo haikujaa mpaka zitimie siku 30 za kazi, kelele za korona, ile mashine ya kusindika mkonge. Uandike, ni kweli na ni sehemu ya historia ya Tanga. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1980 haikufika hata 40,000, maana kamba za plastiki ziliua bei na mashamba yakachoka. Lakini uulize swali la jikoni: mshahara wa mkata mkonge ulilisha watoto 11? Haukuwalisha. Nani aliwalisha? Kwenye familia karibu zote za kambi nilizowahi kukaa nazo jibu ni moja: shamba la mke na biashara yake ndogo. Bibi alilima wapi, kwa nani alipewa ardhi, kwa ndugu zake Wazigua au kwenye kipande cha kampuni? Alipika nini cha kuwauzia wapangaji wa kambini, vitumbua, uji, maandazi? Pesa aliificha wapi? Mabinti wote wanajua pesa ya mama yao ilifichwa wapi. Wana wa kiume hawajui, na ndiyo maana usiwahoji pamoja.

Miaka ya 1974 na kuendelea, ile ya unga wa yanga, unga wa mahindi ya njano, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakati sabuni, sukari na nguo vilipatikana kwa foleni na kwa kujuana na mwenye duka la ushirika, ndiyo miaka ya kumwona bibi akifanya kazi. Mtoto wa mwisho alizaliwa 1981, katikati ya shida ile. Alivikwa nini? Kanga ipi ilichanwa kuwa nepi? Nilishaona binti wa miaka zaidi ya sitini akitoa kwenye sanduku la bati nusu ya kanga iliyofifia mpaka maandishi hayasomeki, akasema hii ndiyo tuliyobebewa sote kuanzia wa saba. Ile nusu nyingine ilikwenda kwa mama aliyejifungua usiku uleule chumba cha jirani. Piga picha ya kitu kama hicho, kiweke kitabuni ukurasa mzima, na chini yake maneno ya huyo binti kama alivyoyasema.

Jambo jingine litakalokusumbua ni ndugu kupishana. Mama mkubwa atakuambia babu alikuwa mkali, alichapa, alirudi usiku. Mziwanda atakuambia babu hakuwahi kuinua mkono, alimbeba mabegani kwenda sokoni. Wote wanasema kweli. Mama mkubwa alilelewa na kijana wa miaka ishirini na kitu aliyetoka kukata mkonge tangu alfajiri. Mziwanda alilelewa na mzee wa miaka hamsini aliyekwishaacha kazi ya shamba. Usitafute wastani. Waweke wote wawili, kila mmoja kwa jina lake, kurasa zifuatane. Na ile sentensi ya "waliishi kwa amani, hawakuwahi kugombana" uifute popote utakapoikuta. Watu waliokaa chumba kimoja miaka sitini waligombana. Uliza waligombania nini, na nani alianza kumsemesha mwenzake. Mjukuu anayetafuta mchumba leo atajifunza zaidi hapo kuliko kwenye sifa zote.

Hesabu ya 11 na 13. Bibi hakukosea. Wasifu ulihesabu waliokua, bibi alihesabu aliowazaa. Wale wawili, kwa miaka ile na mazingira ya kambi, huenda surua, malaria au kuzaliwa kabla ya siku viliwachukua. Kuna familia zisizopenda watoto hao watajwe, na kuna majina ambayo alipewa mtoto aliyefuata. Mdogo wake bibi na wakunga waliobaki ndio wa kuulizwa, kwa upole, bila simu kurekodi mpaka mwenyewe akuruhusu. Ukipata majina, wape nafasi yao katika mpangilio, kwa umri, wala usiwatupe kwenye mstari wa mwisho. Kama waliozikwa wanajulikana walipozikwa, andika mahali. Na kama kuna mtoto wa ndugu aliyelelewa pale tangu akiwa mdogo, kwenye familia kubwa hukosi, muulize mwenyewe anataka aandikwe wapi.

Sasa Kigoma. Ushauri wangu ni umwandike, lakini si kabla ya kwenda. Sababu ya kwanza ni ya kazi yenyewe: huwezi kueleza kwa nini kijana wa Kasulu alibaki Korogwe maisha yake yote ukificha alichokiacha kwao. Sababu ya pili ni kwamba watu hao wapo. Mke yule, kama yu hai, ni mzee sana. Kama ana watoto, ni kaka na dada zake mama yako, na wajukuu wa kule wana simu kama wewe. Kitabu kitawafikia. Ni heri wakikute wakiwa wameulizwa.

Kuna karatasi inayoweza kukusaidia. Umesema babu alisilimu alipomwoa bibi, na kabla ya hapo alikuwa Mkatoliki. Basi alibatizwa, na parokia ya kwao ina rejista. Vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani viliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo jina la babu litakuwa katika umbo lake la Kilatini na utahitaji kujua jina lake la ubatizo, majina ya wazazi wake na kijiji. Mstari wake utakupa tarehe ya ubatizo, mara nyingi umri au tarehe ya kuzaliwa, wazazi na msimamizi. Kisha angalia pembeni mwa mstari. Kanisa huandika pale ndoa ya mtu iliyofungwa kanisani, hata kama ilifungwa parokia nyingine. Pembeni pakiwa na ndoa, una jina la mke, mahali na tarehe. Pakiwa patupu, haina maana hakuoa. Ndoa ya kimila haikuandikwa. Nenda kwa paroko na barua ya familia, usiende kama mpelelezi, na uwe tayari kusubiri.

Tahadhari moja, nami si wakili. Kama mirathi ya babu bado haijafungwa, au nyumba ya Korogwe bado ina maneno, kitabu kinachoorodhesha wake na watoto kinaweza kushikwa na mtu akaenda nacho mahakamani. Hilo halikufanyi ufiche. Linakufanya uwasomee wakubwa sura hiyo kabla ya kuchapa, na umwulize msimamizi wa mirathi mambo yamefikia wapi. Wakikataa kabisa, acha sura hiyo nje ya kijitabu cha Desemba, lakini andika kila ulichokipata na uhifadhi kwa watu wawili tofauti. Usiandike uongo mahali pake. Usiandike "mke wake wa pekee". Andika tu alioana na bibi, ambayo ni kweli.

Mengine ni ya mikono na ni mepesi. Rekodi kwa simu, lakini mkae kivulini mbali na redio, na umwache mzee afanye kazi yake anapozungumza, achambue mchele au mboga. Macho yakiwa kwenye ungo ulimi hufunguka. Mdogo wake bibi, kule Handeni, mwache aseme Kizigua, tafsiri baadaye. Karatasi zitafute kwenye masanduku: stakabadhi za kodi ya kichwa, ambazo wanaume walizitunza kwa sababu walisimamishwa njiani wazionyeshe, na zina mwaka na mara nyingi mahali, kadi ya TANU, kadi za kliniki, vyeti vya shule vya watoto. Picha za zamani usizipeleke kulaminishwa, joto na gundi huziharibu na hazitarudi. Zipige picha kwa simu karibu na dirisha bila mwanga wa simu, na ukizituma kwenye kundi la familia zitume kama faili, maana ukizituma kama picha zinabanwa na nyuso zinapotea. Nyuma ya picha andika kwa penseli, si kalamu ya wino, nani ni nani kuanzia kushoto. Fanya hivyo mama mkubwa akiwa hai na macho yake yakiona.

Mpango wako kwa miezi iliyobaki uwe huu: Handeni kwanza, wiki hii kama una nauli. Kisha mama mkubwa na mjomba, kila mmoja peke yake. Kisha Kasulu, na usiende peke yako, nenda na mjomba huyohuyo anayesema 1959, kwa sababu yeye ndiye mwanamume mkubwa na kule watataka kuzungumza na mtu wa umri wake. Kuandika kwenyewe kutakuchukua muda mfupi kuliko unavyoogopa. Kurasa za watoto zikijaa, kitabu kimeshajipanga. Peleka kiwandani wiki tatu kabla ya mkutano, kwa sababu wachapaji wa Desemba wana kalenda na kadi za harusi, na agiza nakala zaidi ya idadi ya nyumba mnazozijua, kwa ajili ya Kasulu.